TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: KUHUSU KIJANA ANAYEFUNDISHA HISABATI SEKONDARI YETU



Tangu Jumatano simu yangu haijapoa. Nimesoma yote yaliyoandikwa kwenye grupu kuhusu kijana anayefundisha Hisabati na Fizikia pale sekondari ya kata, pamoja na yale yaliyofutwa. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kwanza nimwone mkuu wa shule, kisha nimwone kijana mwenyewe. Nimewaona wote wawili. Haya ninayoandika ni maoni yangu kama Katibu. Kamati ya Tawi haijakaa, itakaa Jumapili, na akidi ikitimia itaamua yenyewe.

Ujumbe ni mrefu. Naomba usomwe mpaka mwisho kabla ya kujibiwa.

Kwanza kilichotokea, maana kimesimuliwa kwa namna nne tofauti. Kijana huyu ana shahada ya takwimu. Alirudi nyumbani miaka mitatu iliyopita kumuuguza mama yake, akakuta shule haina mwalimu wa Hisabati kwa kidato cha tatu na cha nne, akaenda ofisini kwa mkuu wa shule akaomba kujitolea. Sisi wazazi tulikubaliana kwenye kikao kumchangia posho. Daftari la mchango ule ninalitunza mimi, kwa hiyo hapa naomba tusibishane: tulikubaliana shilingi 1,000 kila mzazi kwa mwezi, na tangu Machi wanaotoa hawafiki nusu. Mwezi wa saba kijana alipokea shilingi 45,000. Wiki iliyopita aliandika barua kwamba ataacha mwisho wa mwezi huu. Amepata kazi ya kutunza stoo kwenye kampuni moja ya ujenzi huko mjini. Hakufukuzwa, hakugombana na mtu, na hakuna mkono wa chama chochote ndani yake. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba.

Kwenye grupu tumegawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema: mtu mwenye digrii ya hesabu atashindwaje kufundisha hesabu, Serikali imwajiri tu, cheti cha ualimu cha nini? Upande wa pili unasema: huyo si mwalimu, na vijana waliosomea ualimu wako mtaani wanaendesha bodaboda, yeye ameshika nafasi yao.

Naanza na upande wa kwanza kwa sababu na mimi niliwahi kuamini hivyo.

Mnajua nina stashahada ya uhasibu. Mwaka 2018 mwalimu wa somo la utunzaji wa hesabu alihama, nikaombwa nisaidie muhula mmoja. Nilikwenda kifua mbele. Nimefunga hesabu za ushirika, nimefunga za kanisa na za msikiti, kitabu cha kidato cha tatu kingenishinda wapi? Wiki tatu nilijaza ubao. Debiti kushoto, krediti kulia, leja, urari. Watoto walinakili kimya kabisa, nikadhani ukimya ule ndio kuelewa. Nikatoa jaribio. Wanafunzi 43, waliovuka nusu ya alama walikuwa 4, na wawili kati yao walikaa dawati moja.

Kulikuwa na mama mmoja mwalimu wa Jiografia, sasa amestaafu, mnamjua. Aliomba kukaa nyuma ya darasa siku moja asikilize. Tulipotoka akaniuliza andalio la somo liko wapi. Sikuwa nalo, nilikuwa na kitabu. Akasema, "Katibu, wewe unajifundisha mwenyewe kwa sauti. Hujamuuliza mtoto hata mmoja anajua nini kabla hujaanza."

Kisha akaomba aone karatasi za jaribio. Akachomoa ya mtoto niliyempa alama 9 kati ya 50 akaniambia niitazame tena. Yule mtoto alikuwa ameandika kila kiasi sawasawa, kila akaunti kwa jina lake, ila amegeuza pande zote: pa debiti ameweka krediti, pa krediti ameweka debiti, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Urari wake ulikuwa umelingana! Alijua kila kitu isipokuwa upande. Mimi mhasibu nilipita nikachora mikasi kwa kalamu nyekundu, yeye mwalimu wa Jiografia, asiyejua leja, ndiye aliyeona kosa ni moja tu na si ishirini.

Wiki iliyofuata, kwa ushauri wake, sikuandika kitu ubaoni. Nilileta daftari la mikopo la genge la nyanya la mzazi mmoja, kwa ruhusa yake, nikawauliza nani anamdai nani. Walibishana mpaka mwalimu wa zamu akachungulia dirishani. Nahesabu siku ile kuwa ya kwanza niliyofundisha.

Kwa hiyo ninaposikia "ualimu ni kujua somo tu", nakataa. Kusoma kosa la mtoto, kupanga somo la dakika 40 lisiishie dakika ya 15, kuuliza swali linalofika dawati la nyuma, kutunga jaribio linalopima ulichofundisha, haya yanafundishwa. Ndiyo maana mtu mwenye shahada ya fani nyingine akienda kusomea stashahada ya uzamili katika elimu hakuti tena hesabu zake kule. Anakuta saikolojia ya elimu, mbinu za kufundishia, upimaji, mtaala, na mazoezi ya kufundisha ambayo anakaguliwa akiwa mbele ya darasa.

Hata yule tunayemwita Mwalimu nchi nzima, shahada yake haikuwa ya elimu. Nyerere alihitimu Edinburgh mwaka 1952 na shahada ya sanaa. Lakini kabla ya hapo, 1943 hadi 1945, alikuwa Makerere akisomea ualimu, kisha akafundisha Tabora. Aliporudi kutoka Uingereza akaenda kufundisha Pugu. Wanaomtaja kwenye grupu kama mfano kwamba ualimu ni kipaji tu wameikumbuka Edinburgh wakaisahau Makerere.

Na nchi hii si mara ya kwanza kuwapeleka darasani watu wasiopita chuo cha ualimu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 watoto wote walitakiwa waingie shule ya msingi, walimu hawakutosha, vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kufundisha. Watu wakaigeuza UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Mimi nilifundishwa kusoma na mmoja wao na sijawahi kucheka utani huo. Wale vijana hawakuachwa hivi hivi: walifundisha huku wanafundishwa, kwa masomo ya posta na redio, wakiwa na mratibu wa kuwafuatilia, na mwisho wakafanya mtihani wakapata daraja lao. Walipewa kazi na wakapewa njia ya kuwa walimu.

Halafu katikati ya miaka ya 2000, sekondari za kata zilipochipua kila mahali, waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakapelekwa shuleni kwa leseni. Mtaa ukawapa jina la "Voda fasta", kama ile vocha ya simu ya kuingiza haraka. Baadhi yao walirudi chuoni baadaye wakasoma na leo ni wakuu wa shule wazuri. Wengine waliachwa wapambane wenyewe na madarasa ya wanafunzi themanini. Mwaka 2012 tulikumbuka sote kilichotokea: zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne walipata sifuri, Serikali ikayafuta matokeo yale na kuyapanga upya. Sisemi kosa lilikuwa la wale vijana. Vitabu havikuwepo, maabara hazikuwepo. Lakini watoto wa kata ndio waliolipa, na baadhi ya watoto hao leo ni wazazi humu kwenye orodha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna aliyelitaja kwenye grupu, na ndilo linaloninyima usingizi.

Utaratibu wa leo haujafichwa. Sheria ya Elimu inasema hafundishi mtu ila aliyesajiliwa kuwa mwalimu au mwenye leseni ya kufundisha. Matangazo ya ajira za walimu wa sekondari ngazi ya shahada yanataka shahada ya ualimu, au shahada isiyo ya ualimu pamoja na stashahada ya uzamili katika elimu. Kwa hiyo mlango wa mtu kama kijana wetu upo, umeandikwa kabisa. Anakosa karatasi moja ya mwaka mmoja. Bila hiyo, miaka mitatu ya kujitolea ikiingizwa kwenye mfumo wa maombi ya ajira thamani yake ni sifuri. Ameomba mara mbili, mara zote hakuitwa hata kwenye usaili, na alidhani ni kwa sababu hana mtu mjini.

Mimi nilijua. Nilikuwa nasoma matangazo yale kwa ajili ya mpwa wangu. Kikao cha wazazi cha mwaka wa kwanza tulimpigia makofi, mama yake akapewa doti ya khanga, nikasoma risala mimi mwenyewe nikasema "taifa halitakusahau". Nilijua kwamba taifa halina hata mahali pa kumwandika, nikanyamaza. Shule ilihitaji mwalimu, na niliogopa akielezwa ukweli ataondoka. Mkuu wa shule naye, nilipomuuliza wiki hii, alikiri alinyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo tulimkopa kijana miaka mitatu bila kumwandikia hati ya deni. Kwa taaluma yangu jambo hilo lina jina, na si jina zuri.

Nije kwa upande wa pili. Ndugu zangu mnaosema walimu waliosomea wako mtaani mna haki kabisa. Mtu aliyekaa chuoni miaka mitatu akasomea kazi, kisha akamwona mwingine aliyesomea fani nyingine amesimama darasani, ana sababu ya kuumia. Msimamo wangu ni kwamba pakiwa na mwalimu aliyesomea, wa somo lile lile, hata nafasi ya kujitolea ianze kwake. Lakini tuseme na ukweli wa hapa kwetu. Tangazo la kujitolea tulilibandika mara mbili, ofisi ya kata na sokoni. Waliokuja ni wa Historia na Kiswahili, na mmoja bado tunaye, anafanya kazi nzuri. Wa Hisabati alikuja mmoja, akakaa wiki mbili, akapata shule binafsi. Simlaumu. Kijana wetu hajashika nafasi ya mtu. Akiondoka tarehe 30, tarehe 1 darasa la kidato cha nne litakuwa na ubao tu.

Kuna ujumbe wa tatu uliotumwa usiku wa Alhamisi ukafutwa. Niliuona. Unasema kuna mtu mjini "anatengeneza" vyeti kwa bei nafuu. Sitamtaja aliyeandika, namwomba tu akumbuke Aprili 2017, uhakiki ulipotoa majina 9,932 ya watumishi wenye vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wamefundisha miaka mingi. Walitoka kazini bila kitu. Habari hiyo isirudi kwenye grupu la tawi hili.

Kwa hiyo napendekeza hivi.

Mradi wetu wa viti na maturubai una salio la shilingi 1,860,000 benki, taarifa ya benki ninayo na nitakuja nayo. Napendekeza tawi limkopeshe kijana ada ya stashahada ya uzamili katika elimu. Iwe mkopo, si zawadi. Chuo Kikuu Huria wanaitoa kwa masafa, kwa hiyo anaweza kusoma huku anaendelea kufundisha, kama wale wa UPE. Fedha hazitapita mkononi mwake wala mwangu: zitalipwa moja kwa moja kwa namba ya malipo ya chuo, na risiti itatumwa humu. Mkataba uandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji. Yeye abaki hadi kidato cha nne wamalize Novemba na mwaka mzima unaofuata, aanze kurejesha kidogo kidogo akipata ajira. Asipopata ajira, tukae naye tena. Nimeshamweleza, hakukubali papo hapo wala hakukataa. Aliniuliza kwa nini nimemwambia sasa na si miaka mitatu iliyopita. Nikamwomba radhi. Jibu lake atalileta Jumapili.

Ada pekee haitamsaidia darasani kesho asubuhi. Nimezungumza na yule mama wa Jiografia. Amekubali kukaa nyuma ya darasa lake mara mbili kwa wiki kuanzia Jumatatu, bila malipo, ila ametaka apewe kiti chenye mgongo. Kiti kipo.

Najua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza: fedha zile ni za ofisi ya tawi. Ni kweli. Boma limefika lenta tangu 2016, na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi atanuna, ana haki ya kununa, bati tulizopanga mwaka huu hatutanunua zote. Tumefanyia vikao chini ya mkorosho miaka yote hiyo. Tunaweza kuongeza mwaka mmoja. Mtoto wa kidato cha nne hawezi kuongeza mwaka.

Pingamizi ya pili nimeshaisikia kwa sauti: kijana si mwanachama. Sijamuuliza kadi na sitamuuliza. Watoto 61 wa kidato cha nne nao wazazi wao ni wa vyama vyote na wengine hawana chama. Tena nasema mapema: mkopo huu ukipita, sitaki kuona akikabidhiwa hundi ya karatasi kwenye mkutano wa hadhara, wala kuvalishwa fulana. Atakayepanga hivyo nitaomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba nilipinga.

Pingamizi ya tatu ni kwamba hii ni kazi ya Serikali. Ndiyo, kuajiri ni kazi ya Serikali, na tusiache kuidai. Namwomba diwani wetu apeleke hoja moja kwenye Halmashauri: kila anayejitolea kufundisha katika shule za kata hii apewe barua siku ya kwanza, imweleze ana sifa gani, anakosa nini ili aajiriwe, na akipate wapi. Aliyemaliza kidato cha sita aelezwe habari za stashahada katika vyuo vya ualimu kama Morogoro, Korogwe au Kleruu. Mwenye shahada nyingine aelezwe ile ya uzamili. Barua ya ukurasa mmoja haihitaji bajeti. Akiisoma akaamua kuondoka, aondoke akiwa bado kijana.

Kuhusu mchango wa wazazi: nitabandika majina ya waliolipa tu. Wasiolipa sitawabandika, kila mtu anajijua. Kama elfu moja ni nyingi, tuseme kikaoni tuipunguze, kuliko kuahidi 1,000 na kutoa sifuri.

Kikao ni Jumapili saa 9 alasiri, chini ya mkorosho, wajumbe wa Kamati kwa mujibu wa katiba, wazazi kama wasikilizaji na watapewa nafasi ya kusema. Mkuu wa shule atakuja. Ajenda ni hiyo moja na mengineyo. Hesabu za viti na maturubai za Januari hadi Julai nitazisoma mstari kwa mstari, kwa hiyo aliyechukua viti 20 vya msiba mwezi wa tano akarudisha 17 naomba anitafute kabla ya siku hiyo.

Asiyeweza kufika anipigie. Tafadhali msinitumie ujumbe wa sauti wa dakika saba.

Katibu wa Tawi